Hilo Halitasaidia

Ruwi, kiangazi cha tisini na sita,
lami imelainika kama halua isiyopoa,
kaka yangu Mundhir alinunua mvua
kwa riali mbili na baisa mia tano.

Ilikuwa ndani ya diski isiyo na jalada.
Sasidharan, fundi kompyuta wa nyuma ya kituo cha mabasi,
aliliandika jina lake kwa kalamu nene, akakosea herufi,
nasi hatukulisahihisha.

Tukafunga mapazia. Kiyoyozi kikakohoa.
Mji ukapanda kiooni: minara myeusi,
mataa ya zambarau yakichuruzika ukutani,
wenye nacho juu kwenye hewa, wasio nacho chini kwenye moshi,
kila raia na nambari yake chini ya ngozi ya shingo,
na mtu mmoja, koti refu, asiye na nambari,
kasimama kwenye mvua anatungoja sisi
tumwambie aende wapi.

Bunduki hatukuwa nayo. Tulikuwa na mshale mdogo mweupe
na mkoba: kijiko, waya, kopo la samaki,
jicho la bandia lililookotwa jalalani.
Unabofya kijiko, unabofya mlango.
Anageuka, anakutazama kwa upole wa mtu aliyechoka:
"Hilo halitasaidia."
Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili tulimpa sisi,
kamusi magotini.

Likawa neno la nyumba.
Baba akitafuta miwani ndani ya friji: hilo halitasaidia.
Mjomba akipeleka posa ya tatu Nizwa: hilo halitasaidia.
Mama alikuwa akipita tu na sinia la vitumbua.
Siku moja akasimama. Huyu mwenye koti kafanya nini?
Hana karatasi, akajibu Mundhir.
Mama akaketi.
Aliwahi kukaa Dubai miaka minne,
chumba kimoja na shangazi zake watatu,
akingoja karatasi ya kumwita Mwomani.
"Mpeni yule bawabu samaki," akasema. "Mabawabu hula."
Na lango la ngazi ya nne, lililotushinda wiki sita,
likafunguka.

Leo dukani kwa Sasidharan wanauza vifuniko vya simu.
Mpwa wangu ana michezo inayomfokea:
kimbia, nunua, umechelewa, wenzako wamekupita.
Nami nafungua simu kwa uso, ofisi kwa kidole,
na kule Seeb, uwanja wa ndege, mashine hunisoma jicho.
Ule mji ulikuja, taratibu, mchana kweupe.
Ulisahau tu kuleta mvua.

Jana usiku niliufufua wa zamani.
Picha ni vitone vitone, kama matundu ya kofia ya mkono,
ukisogea karibu huoni uso, unaona kazi.
Sauti inakwaruza. Na bado.
Faili la saba: USIGUSE, herufi kubwa za Mundhir.
Nikaligusa.

Yupo palepale, daraja la mwisho,
waya mkononi, mvua mabegani,
anapumua. Koti linapanda, koti linashuka.
Miaka ishirini na saba, na haulizi tulikuwa wapi.
Hakuna saa inayomhesabia mtu pale,
hakuna adui wa kumuua
eti kwa kuwa nimekwenda kuinjika chai.
Nani mwingine kaningoja hivyo?

Nikampigia Mundhir, Sohar, zamu ya usiku bandarini.
Nimefungua lako la saba.
Kimya. Winchi zinalia nyuma yake.
Halafu: Umejaribu waya kwenye kengele?
Nimejaribu.
Akasema nini?
Tukalisema pamoja, yeye kwa sauti nzito
aliyokuwa akiiigiza utotoni na sasa anayo kweli.

Kopo la samaki bado lipo?
Tulishampa bawabu, nikamwambia.
Ah.
Basi jaribu jicho.